Nani Apokee Kilichoporwa?

Huku Majengo, Dodoma, mtu akikutwa na simu ya wizi hasaidiki kwa kusema kwamba ameitunza, ameinunulia kava jipya na haijawahi kuanguka. Ataulizwa jambo moja tu: uliipata wapi? Lakini likija suala la vitu vilivyochukuliwa nchini wakati wa vita vya Wajerumani, hoja ya utunzaji bado inasikilizwa kwa heshima. Kule, tunaambiwa, kuna wataalamu na vyumba vyenye joto linalopimwa. Huku kuna mchwa.

Makumbusho ya Ethnolojia ya Berlin yana vitu vipatavyo 10,000 kutoka eneo ambalo leo ni Tanzania. Si vyote vilivyoporwa. Vingine vilinunuliwa, vingine vilitolewa zawadi, ingawa zawadi anayopewa mwenye bunduki ina maswali yake. Lakini vingine ni nyara za vita waziwazi, zikiwemo silaha zilizokusanywa katika vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907. Katika vita hivyo jeshi la Kijerumani lilichoma mashamba na maghala, njaa ikamaliza kazi ambayo risasi ziliianza. Baadhi ya makadirio ya vifo yanafika 300,000.

Wagogo wana desturi ya zamani ya kuwekeana ng'ombe. Mwenye mifugo mingi humkabidhi ndugu au rafiki sehemu ya kundi lake. Anayewachunga anakunywa maziwa na kutumia samadi, lakini ng'ombe hawawi wake kwa sababu tu wamelala zizini kwake miaka mingi. Nikiipima Berlin kwa desturi hii, naona maziwa ya zaidi ya karne moja: tasnifu, maonyesho, vitabu, sifa za kitaaluma. Na hapo bado naipendelea, maana aliyewekewa ng'ombe alikabidhiwa kwa hiari ya mwenyewe.

Kwa hiyo kwangu, kama virudi au visirudi si swali gumu. Gumu ni hili: virudi kwa nani?

Chukua fuvu la Mkwawa. Ngome yake ya Kalenga ilivunjwa mwaka 1894, naye akaendelea kupigana porini hadi 1898 alipojiua kwa risasi asishikwe akiwa hai. Kichwa chake kilikatwa na fuvu likapelekwa Ujerumani. Mwaka 1919 Mkataba wa Versailles, ibara ya 246, uliamuru lirudishwe. Soma vizuri lilitakiwa kurudishwa kwa nani: kwa serikali ya Mfalme wa Uingereza. Wahehe hawakuwa upande wowote wa mkataba huo. Ilichukua miaka 35 mpaka Gavana Edward Twining alipoleta fuvu kutoka Bremen na kumkabidhi Chifu Adam Sapi Mkwawa, mjukuu wa marehemu, ambaye baadaye alikuja kuwa Spika wa Bunge letu. Lilichaguliwa miongoni mwa mafuvu mengi kwa vipimo na tundu la risasi, na wapo wanaotilia shaka mpaka leo kama ndilo lenyewe. Hakuna aliyetilia shaka ni nani waliokuwa wakilisubiri.

Leo nafasi ya yule Mfalme inashikwa na Jamhuri yetu wenyewe, na hapo ndipo mambo yanapotatanisha. Berlin inazungumza na serikali, si na ukoo. Serikali hiyohiyo ndiyo iliyofuta mamlaka ya machifu mwaka 1963. Kikirudi kiti cha chifu ambaye cheo chake hakipo tena kisheria, nani akikalie? Nigeria ililikuta swali hili. Ujerumani iliikabidhi serikali sanamu za Benin mwaka 2022, na mwaka uliofuata Rais Buhari akatangaza kwamba mmiliki ni Oba wa Benin. Baadhi ya watu Ulaya walilalamika kana kwamba wamedanganywa. Lakini anayerudishiwa simu yake hapewi masharti ya nani ampigie.

Kuna jambo jingine ambalo huwa hatupendi kulisema. Kabla ya Wajerumani, Wahehe walikuwa wakivamia Ugogo na kuondoka na ng'ombe. Ndani ya ngome zilizoporwa huenda kulikuwa na mali ya majirani waliokwisha kuporwa. Wapo wanaoitumia hoja hii kusema: basi, na nyinyi mlikuwa wezi, acheni vilipo. Sikubaliani nao. Aliyemwibia mwizi hapati haki yoyote. Anaongeza tu idadi ya wanaodai. Ugomvi wa Mgogo na Mhehe ni wetu, na tumekwisha kujifunza kuumaliza kwa kuoana na kutaniana.

Ninachoamini ni kwamba serikali ipokee kama aliyewekewa ng'ombe. Ipokee uwanja wa ndege, itunze, isijiite mwenye mali. Pale ukoo unapojulikana, ukoo uamue: kuonyesha, kuzika, au kuweka ndani pasipopigwa picha. Pale ambapo mkuki umeandikwa tu kwamba ni wa Maji Maji, vita vilivyounganisha makabila mengi, makumbusho ya taifa yaushike kwa niaba ya wote.

Nani ni ndugu wa nani linajibika kuliko tunavyodhani. Mwaka 2023 watafiti wa Berlin, wakichunguza mafuvu zaidi ya 1,100 ya Afrika Mashariki, walilinganisha vinasaba na kuwapata jamaa walio hai hapa Tanzania. Mwaka huohuo, tarehe 1 Novemba, Rais Frank-Walter Steinmeier aliomba radhi Songea. Radhi ni mwanzo mzuri, ila katika mila zetu nyingi anayeomba radhi huja na kitu mkononi.

Kitu cha kwanza kinaweza kuwa chepesi kubeba: orodha. Kila kitu, kilichukuliwa wapi, na nani, katika vita gani, kwa Kiswahili, ili bibi wa Songea au kijana wa Majengo aisome bila mkalimani. Mwenye mali hawezi kudai asichojua kwamba kipo. Na wengi wetu, mpaka leo, hatujui.