Kwale Aliyekufa Hewani

Baba alikuwa na kisu kidogo cha kukunja, amekifunga kwa kamba ya katani kwenye mkanda wa suruali. Utotoni nilidhani kisu ndiyo silaha yenyewe na bunduki ni kelele tu, kwa sababu bunduki ikishalia, yeye alikuwa tayari anakimbia. Mtu mzima, mitutu ameikunja mkononi, anapita mbio kati ya mistari ya mkonge huku miba ikimchoma mapajani, ili amuwahi kwale kabla roho haijatoka. Akimkuta anapapatika, bismillahi, kisu, tumekula. Akimkuta ametulia, alimgeuza mara moja kwa kidole, akamwacha pale pale. Jirani yetu Mkristo, aliyekuwa akitufuata nyuma kwa hesabu zake, ndiye aliyemwokota. Kadiri Baba alivyozidi kuwa na shabaha ndivyo nyumba ya jirani ilivyozidi kula nyama.

Jambo hilo nimeishi nalo zaidi ya miaka arobaini. Mwenye shabaha anayeua kwa mpigo mmoja, ndege asijue kilichompata, hurudi nyumbani mikono mitupu. Mwenye mkono mbovu, anayevunja bawa na kumwacha kiumbe akihangaika, hurudi na kitoweo cha halali. Dini gani itake hivyo?

Kwanza niieleze bunduki yenyewe, maana imo katika swali. Ni Greener ya mitutu miwili, namba 12, kazi ya Birmingham. Baba aliinunua kwa Mgiriki aliyekuwa na shamba la mkonge kwetu Tanga, mwaka 1967, mashamba yalipotaifishwa, kwa bei ambayo hakuwahi kumtajia Mama. Leo ninayo mimi, kwa kibali cha polisi na leseni ya kila msimu. Namba 12 maana yake ni hii: chukua ratili moja ya risasi, igawe mafungu 12 sawasawa, kila fungu lifinyange gololi, gololi hiyo ndiyo inayoenea ndani ya mtutu. Ndiyo maana namba 16 ni nyembamba kuliko 12, na 20 ni nyembamba zaidi. Kitako ni cha mti wa mjozi, kimepiga weusi pale shavu la Baba lilipolala. Kufuli ya usalama, ambayo bunduki nyingi za aina hii huwa nayo juu, chini ya dole gumba, Greener aliiweka ubavuni kushoto. Mgeni akiishika huipapasa kama mtu anayetafuta swichi ya taa gizani.

Vifyatuo ni viwili. Cha mbele ni cha mtutu wa kulia, ambao mdomo wake uko wazi, marisau yatawanyike mapema kwa ndege wa karibu. Cha nyuma ni cha mtutu wa kushoto, ambao umebanwa kidogo mdomoni, marisau yaende yameshikana kwa ndege aliyekwisha kukuaga. Siku moja nilimuuliza Baba kama bismillahi moja inatosha kwa mitutu miwili. Hakunijibu. Alilipeleka swali kwa maalim wake, na tangu siku ile nikawa namsikia akiitamka mara mbili, ya pili kwa haraka, kama mtu aliyejikwaa. Katika madhehebu yetu ya Shafi ni sunna tu, lakini Baba hakuwa mtu wa kuacha sunna mbele ya mtoto.

Maalim huyo ndiye aliyemfunga Baba kisu kiunoni. Alianzia pale inapoanzia mambo yote ya nyama, Suratul Maida, aya ya 3, ambayo katika vilivyoharamishwa inamtaja mnyama aliyekufa kwa kipigo. Akaendelea na hadithi ya Adi bin Hatim, mwana wa yule Hatim Tai aliyetajika kwa ukarimu, alipomuuliza Mtume kuhusu windo lililopigwa kwa mshale usio na manyoya. Jibu, katika Bukhari na Muslim, ni kwamba likipatwa kwa ncha huliwa, na likipatwa kwa ubapa haliliwi, kwa sababu hilo limekufa kwa kipigo. Kisha akafungua Minhaj ya Imam Nawawi, kitabu kilichosomwa kwenye darsa nyingi za pwani yetu, akaweka kidole juu ya neno moja katika orodha ya vitu ambavyo windo lake haliliwi: bunduqa. Kwa Baba mjadala ukaisha hapo. Bunduki imo kitabuni.

Nilipokua, nikajua neno hilo lilitoka wapi, na kwa muda nilikasirika. Nawawi alifariki mwaka 1277, hajaona bunduki hata moja. Bunduqa yake ni gololi ya udongo uliokaushwa, inayotupwa kwa upinde, nayo iliitwa hivyo kwa sababu inafanana na kokwa ya bunduq, tunda la nchi za baridi. Ilipokuja baruti, Waarabu wakakipa chombo kipya jina la zamani, nasi tukalipokea na kulisema bunduki. Kwa hiyo (hili hunichekesha kila ninapoipaka mafuta) nimeshika chombo chenye jina la kokwa moja na kitako cha mti wa kokwa nyingine. Na Baba alinyimwa kwale kwa miaka ishirini kwa sababu ya majina kufanana?

Sivyo hasa. Nilipotulia niliona maalim hakuwa mjinga. Marisau ni mviringo. Hayana ncha wala makali. Jina linaweza kuwa lilihama, lakini umbo lilibaki lile lile la gololi, na sheria haiulizi chombo kinaitwaje, inauliza kimefanya nini mwilini: kimepenya au kimeponda?

Na hapo wanazuoni walioziona bunduki kwa macho yao waliachana njia. Ibn Abidin wa Damascus, Mhanafi aliyefariki mwaka 1836, alisema risasi haina makali, inaua kwa kuunguza na kwa uzito wa msukumo wake mkali, basi windo lake haliliwi. Shawkani wa Yemen, aliyefariki miaka miwili kabla yake, alisema waliotangulia hawakuzungumzia bunduki hizi kwa kuwa hazikuwapo, na kwamba risasi inaingia upande mmoja na kutokea wa pili, basi hiyo imepenya, na mwindaji ale. Wazee wawili wa zama moja, wamesoma hadithi ile ile. Na kwa kuwa nimeitaja Damascus: Mjomba alikuwa na bunduki ya Kibelgiji yenye mitutu iitwayo ya Damascus, vyuma vilivyosokotwa pamoja hadi vikatoa michirizi kama moshi. Mitutu hiyo haikuwahi kuiona Damascus; nyingi za namna hiyo zilisokotwa Liège na Birmingham. Ilitengenezwa kwa baruti nyeusi ya kale, na anayeitia ganda la kisasa asilalamike ikimpasukia usoni.

Huyo Mjomba ndiye aliyenifundisha ubaya wa kanuni ya Baba bila mwenyewe kujua. Aliona njia ya mkato. Alimngoja kwale aende mbali, kisha akapiga kwa mtutu ulio wazi, ili zimfikie punje mbili tatu tu, avunjike bawa na ashuke akiwa hai. Kisu kikafanya kazi yake. Mfuko wa Mjomba ulijaa halali tupu, na pale msikitini hakuna aliyekuwa na la kumwambia.

Lakini si wote walioshuka walipatikana. Nilikuwa na miaka kumi na moja nilipotumwa kutafuta kuni kando ya shamba, nikasikia kitu kikikwaruza chini ya majani makavu ya mkonge. Alikuwa kwale, bawa limegeuka nje ndani, na siafu walikuwa wamekwisha kulimaliza jicho moja. Jicho la pili lilinitazama. Mjomba alikuwa amewinda pale juzi yake. Sikuwa na kisu. Nilitumia jiwe, yaani nilimuua kwa kipigo, na sijawahi kuona haramu iliyonituliza moyo kama ile.

Katika Sahihi Muslim imo hadithi ya Shaddad bin Aus kwamba Mungu ameandika wema katika kila jambo, hata katika kuua, na kwamba mchinjaji anoe kisu chake amstareheshe mnyama. Mjomba alikuwa na kisu kikali sana. Alichokuwa nacho butu ni kile kilichotangulia kisu.

Basi nilifanya nilichoweza kufanya mimi nisiye mwanachuoni. Msimu mmoja niliwafungua kwale tisa kwenye sinia jikoni, polepole, kwa wembe. Marisau yangu ni madogo kuliko punje ya mtama, na ganda moja lina zaidi ya 250. Waliopigwa karibu, ndani ya hatua thelathini, punje ilikuwa imeingia kifuani na kuvuta unyoya mmoja nyuma yake kama uzi nyuma ya sindano, na mara nyingi ikawa imetokea upande wa pili. Waliopigwa mbali, punje ilikuwa imesimama chini ya ngozi, na nyama kuizunguka imevilia damu, rangi ya zambarau, upana wa sarafu. Nikakaa na sinia ile mpaka mke wangu akaniuliza kama nimeumwa. Kumbe Shawkani na Ibn Abidin walikuwa wote wawili ndani ya bunduki moja. Katika hatua ishirini na tano ni Shawkani, katika hamsini ni Ibn Abidin.

Tangu hapo nimeihama rai ya Baba, Mungu amrehemu. Ndani ya hatua thelathini napiga, natamka bismillahi, na hata nikimkuta amekwisha kufa ninamla. Kupita hapo namwacha aende zake. Kifyatuo cha nyuma sikigusi kwa ndege mzima. Ganda la mtutu wa kushoto ni deni la niliyemjeruhi, lisilale. Bunduki za kisasa zinazobeba matano na kuendelea sizitaki, maana anayejua kuwa ana la tatu hulifyatua. Kisu bado kiko kiunoni, kwa kamba ile ile.

Mama hajanifuata. Anasema Bani Israil walishushiwa salwa, yaani ndege aitwaye kware, bila baruti wala Mgiriki, na kwamba riziki ambayo Mungu anataka uile huiweka karibu na mkono wako. Hilo la kware si hekaya: wakivuka bahari huanguka ufukoni Sinai wamechoka, na watu huwakusanya kwa nyavu. Kwa hiyo kwetu hupikwa vyungu viwili. Cha Mama huingia yule tu niliyemuwahi akiwa hai, na kabla ya kufunua kifuniko huuliza, "Huyu umemchinja au umempiga?"

Jumamosi iliyopita nilirudi na kwale wanne, wote wamekufa hewani. Mama alikula dagaa.