Mgeni Mwenye Nyumba Yake, Ana Deni?

Njia itokayo Lubumbashi ikifika Kasomeno hugawanyika: moja yaenda Kasenga, kwenye mto Luapula, nyingine yapanda kaskazini mpaka Kilwa na Pweto, kandokando ya ziwa Mwero. Ndilo ziwa alilolifikia Livingstone mwaka 1867, akienda kwa miguu na kutafuta chakula kijiji kwa kijiji. Siku hizi wako wasafiri wa namna nyingine. Motokari yao ni nyumba: mna kitanda, jiko na pipa la maji. Hawaombi malazi wala chakula. Wataka tu kuona maji, ndege, na kiboko akitoa kichwa mtoni.

Twauliza basi: mgeni wa namna hiyo ana deni lolote kwa wenyeji?

Wengi watajibu: Hana. Petroli amelipa, chakula ni chake, na kiboko hapungui kwa kutazamwa. Maneno hayo yana ukweli, lakini hayamalizi jambo. Maana kiboko yule aliyemfurahisha mgeni jioni, usiku hutoka majini kwenda kula. Huweza kula majani kilo 40 kwa usiku mmoja; naye akikuta shamba la mahindi njiani, hachagui. Asubuhi mgeni amekwisha kuondoka, na mama mwenye shamba anahesabu mabua yaliyovunjika. Mmoja amepata furaha, mwingine amelipa bei yake.

Hilo ndilo deni, nalo ni deni la haki. Serikali ilitenga mbuga ya Upemba mwaka 1939, na ya Kundelungu mwaka 1970. Lakini amri iliyoandikwa haitoshi kumlinda mnyama, ikiwa jirani yake amechoka naye. Anayekula tunda la uvumilivu wa mwenziwe, yampasa kuushika na mzigo wake kidogo.

Deni hilo hulipwaje? Kwanza, mgeni amwendee mkubwa wa kijiji kabla ya kusimamisha motokari, maana ufuko una wenyewe. Pili, anunue samaki na mihogo ya hapo, ijapokuwa sanduku lake limejaa. Tatu, asisimame kati ya kiboko na maji. Mnyama aliyezibiwa njia ya kurudi huwa mkali, na atakayekutana naye kesho ni mvuvi.

Lakini sisi wenyeji nasi tuna wajibu. Mgeni si windo. Tukimtoza fedha kwa kila hatua, twauza jua na maji tusivyoviumba. Na tukiwamaliza wanyama kwa mitego, watoto wetu watamjua kiboko kwa jina tu.

Wahenga walisema: Mgeni njoo, mwenyeji apone. Aliyejifungia ndani ya nyumba yake ya magurudumu, atamponya nani? Na afungue mlango, asalimu, aulize habari za shamba.