Eliya Aliwapita Farasi, Kisha Akaomba Kufa

Maandiko: Yeremia 12:1-5; 1 Wafalme 18:41 hadi 19:8

Chukua Biblia yako usome hizo sehemu mbili mwenyewe, halafu urudi hapa tuzungumze.

Yeremia alikuwa amechoka. Watu wa kwao Anathothi walikuwa wanatafuta kumwua, na waovu aliokuwa akiwahubiria walikuwa wananawiri tu. Akampelekea Mungu malalamiko yake. Mimi na wewe tungetarajia Bwana amwambie, pole mwanangu, keti kwanza. Badala yake Bwana akamjibu kwa swali: kama hawa wa kukimbia kwa miguu wamekuacha hoi, je, siku ya farasi utafanyaje?

Swali hilo halijaniachilia wiki hizi. Kwa sababu siku ya farasi inakuja, na kuna wasomaji ambao wako ndani yake sasa hivi. Mgonjwa yuko hospitalini, karo haijalipwa, kazi imeisha, na bado Jumapili unatarajiwa kusimama mbele na kuimba. Mtu wa miguu miwili atashindanaje na mnyama wa karibu kilo 500? Nikatafuta kama kuna binadamu waliowahi kujaribu jambo hilo kweli kweli. Nikawapata. Ni waendesha baiskeli.

Sikiza habari hii. Mwezi wa Oktoba 1892, maofisa wa jeshi wa Ujerumani na wa Austria-Hungaria walishindana kwa farasi kati ya miji ya Vienna na Berlin, mwendo wa karibu kilomita 580. Mshindi alikuwa Mwaustria aitwaye Starhemberg. Alitumia zaidi ya saa 71, yaani siku tatu kasoro kidogo. Watu wakampigia makofi. Lakini farasi wake, aliyeitwa Athos, alikufa muda mfupi baadaye. Na hakuwa peke yake. Farasi wengi walikufa kwa sababu ya mashindano hayo.

Mwaka uliofuata, Juni 1893, waendesha baiskeli wakasema, na sisi tupite kati ya miji hiyo hiyo. Kijana mmoja wa Munich, Josef Fischer, akatoka Vienna akafika Berlin kwa muda wa saa 31 hivi. Chini ya nusu ya ule wa farasi! Na miaka mitatu baadaye, 1896, huyo huyo Fischer akashinda mbio za kwanza kabisa za Paris-Roubaix kule Ufaransa. Unaona tofauti? Mmoja alifika akiwa ameua kilichombeba. Mwingine alifika, na bado alikuwa na mbio zingine ndani yake.

Sasa mtu asiniambie kwamba farasi ni mwepesi wa kushindwa. Hapana. Waweke wote wawili kwenye mstari, piga filimbi, na farasi atamwacha mwenye baiskeli hapo hapo. Wapeleke kwenye matope na mawe, farasi atapita na baiskeli itabebwa mabegani. Farasi wa mashindano ya Derby kule Epsom, Uingereza, hukimbia kwa kasi ya karibu kilomita 57 kwa saa. Lakini hukimbia hivyo kwa dakika mbili na nusu tu, kisha mbio zimeisha. Mwitaliano Filippo Ganna, mwezi wa Oktoba 2022, ndani ya uwanja wa baiskeli wa Grenchen kule Uswisi, aliendesha kilomita 56.792 kwa saa moja nzima. Kasi ni karibu ile ile. Mmoja ameishikilia kwa dakika mbili na nusu, mwingine kwa dakika sitini.

Kwa nini? Sababu moja ilinigusa sana. Farasi akienda mbio zote, pumzi yake imefungwa kwenye hatua zake: hatua moja, pumzi moja. Hawezi kuvuta pumzi ya ziada bila kupunguza mwendo. Mwenye baiskeli ameketi, magurudumu yamebeba uzito wake, na anapumua anavyotaka. Tena anakula na kunywa akiwa njiani, bila kungoja njaa imwangushe. Na wakiwa wengi wanafuatana, wa mbele akiwakatia upepo wale wa nyuma, kisha wanabadilishana. Hakuna anayekaa mbele safari nzima.

Turudi kwa Eliya. Siku ile moto ulishuka Karmeli, kisha mvua ikanyesha. Ahabu akapanda gari lake la farasi kwenda Yezreeli. Mkono wa Bwana ukawa juu ya Eliya, akajifunga viuno, akakimbia mbele ya gari la mfalme mpaka mjini. Haleluya! Kwa miguu! Hapo ndipo tunapopenda kuhubiri, na kanisa linasimama na kupiga vigelegele.

Lakini fungua sura inayofuata. Yezebeli anatuma ujumbe mmoja tu, na mtu yule yule aliyewapita farasi anatoroka, anaingia nyikani mwendo wa siku moja, anaketi chini ya mretemu na kumwomba Mungu amtoe uhai. Aliwashinda farasi jana. Leo anataka kufa.

Je, upako ulikuwa wa uongo? La hasha. Upako ulikuwa wa kweli kabisa. Lakini upako haukuondoa haja ya mkate. Angalia malaika alifanya nini. Hakumkemea. Hakusema ana pepo la uvivu. Hakumwambia aongeze siku tatu za kufunga. Alimpa mkate uliookwa juu ya makaa, na maji. Eliya akala, akanywa, akalala tena. Malaika akaja mara ya pili na chakula kile kile, kwa sababu safari iliyokuwa mbele ilikuwa kubwa kuliko nguvu zake. Ndipo akatembea siku arobaini mchana na usiku mpaka Horebu. Mbio za kuingia Yezreeli zilikuwa za jioni moja. Safari ya Horebu ilihitaji chakula na usingizi.

Mpendwa, sikatai kufunga. Sikatai kesha. Nasema kuna watu katika kanisa letu wanaokimbia kama farasi wa Starhemberg. Namfikiria mama ambaye Ijumaa yuko kwenye kesha, Jumamosi anapika matangani, Jumapili anahudumu ibada zote mbili, Jumatatu saa kumi na moja asubuhi yuko kwenye stegi akingoja matatu ya kwenda kazini, na kila mwisho wa mwezi ndugu zake wanangoja simu yake ilie pesa. Ukimsalimu anasema Mungu ni mwema. Na kweli ni mwema. Lakini usiku moyo wake unadunda na usingizi hauji, na hajamwambia mtu, kwa sababu anaogopa ataambiwa imani yake imepungua.

Siku hizi mbio ndefu za farasi, zile za kilomita 160, zina sheria ambayo ningependa iingie kanisani. Njiani kuna vituo. Kila kituo farasi anasimamishwa, daktari wa mifugo anampima moyo. Kwa kawaida mapigo yanatakiwa yateremke hadi 64 kwa dakika au chini ya hapo, ndani ya muda uliowekwa, la sivyo haendelei. Anapumzishwa, anakula, anakunywa, ndipo anaruhusiwa kuondoka. Na hata aliyevuka mstari wa mwisho akiwa wa kwanza hapewi tuzo mpaka daktari aseme farasi huyu ni mzima. Kwa sheria hiyo, Starhemberg asingeshinda.

Hebu jiulize mambo mawili leo. La kwanza: nani amekupanda? Farasi hachagui aliye mgongoni mwake, wewe unachagua. Bwana wetu alisema nira yake ni laini na mzigo wake ni mwepesi. Soma Mathayo 11. Kama mzigo ulio nao unakuua, uliza ni nani aliyeuweka. Inawezekana ni majirani, ni sifa, au ni hofu ya kuonekana umeshindwa.

La pili ni gumu zaidi: na wewe umempanda nani? Baba, yule mtoto unayemwamsha saa tisa usiku asome kwa sababu ya alama, moyo wake umeupima lini? Kiongozi wa idara, yule shemasi ambaye hajawahi kukukatalia, umewahi kumwambia akae wiki mbili ale chakula cha kiroho kama washirika wengine? Wachungaji wenzangu, ibada ikijaa na wahudumu wakianguka, mbinguni hatutapewa tuzo ya saa 71. Tutaulizwa farasi yuko wapi.

Nimelelewa Magharibi, ambako baiskeli ndiyo ilikuwa bodaboda ya kwanza, ikivusha watu na mizigo mpakani. Wale wazee walijua jambo. Wakifika kwenye mlima na gunia la mahindi nyuma, walishuka wakasukuma. Hakuna aliyewacheka. Kushuka kulikuwa sehemu ya kufika. Lakini mtu wa kanisani akishuka mlimani, tunanong'ona kwamba amerudi nyuma.

Kwa hiyo Yeremia, utashindanaje na farasi? Usijaribu kuwa farasi. Mungu hakuahirisha mbio za Yeremia, na pengine zako hataziahirisha. Lakini Zaburi 147 inatuambia kwamba nguvu za farasi si kitu kinachomfurahisha. Anafurahia wale wanaomngoja. Basi kula Neno kabla hujazimia. Lala, maana na usingizi ni wa Bwana. Mkubali mwenzako akae mbele akukatie upepo, na zamu yako ikifika umkatie yeye. Na ukifika mlimani, shuka usukume.

Wiki hii fanya jambo moja. Mtafute mtu mmoja anayekubeba, nyumbani au kanisani, umuulize, moyo wako uko aje? Halafu nyamaza umsikilize mpaka amalize. Na kama wewe ndiwe uliye chini ya mretemu, njoo uone mchungaji au mzee wa kanisa yeyote. Hutakemewa. Utapewa mkate.

Tuombe. Baba, wako watoto wako waliokimbia vizuri na leo wanataka kufa. Waguse kama ulivyomgusa Eliya. Walishe mara ya kwanza, na walishe mara ya pili. Tusamehe sisi tuliowapanda wengine bila kuwapima. Utufikishe Horebu tukiwa hai, sisi pamoja na wote waliotubeba. Kwa jina la Yesu. Amina.