Chavua ya Jirani

Je, mtu huiba anapochukua kitu ambacho mwenyewe hapungukiwi? Swali hili limenisumbua tangu asubuhi ile nilipopitisha mkono juu ya michongoma na kugusa ua la jirani kwa kijiti chenye pamba.

Lilikuwa yungi jeupe lenye michirizi myekundu. Nilikuwa nimemwomba kitunguu chake kimoja, akakataa: alipewa na marehemu mama yake. Nikasema nimeelewa. Chavua sikuiomba.

Yungi langu jekundu lilikuwa halijachanua, hivyo chavua ilibidi ingoje. Kuihifadhi si kazi ngumu. Adui ni unyevu. Niliianika kivulini siku nzima, nikaitia katika kichupa pamoja na kile kipakiti cha chembechembe zinyonyazo maji tunachokikuta kwenye maboksi ya viatu, nikaandika jina na tarehe, nikakiweka kwenye friza. Chavua ya mahindi hufa kwa saa chache tu. Hii huvumilia miezi. Siku ya kuitumia, usifungue kichupa mpaka ubaridi umtoke, la sivyo umande utaingia na kuiharibu. (Mke wangu aliuliza ni dawa ya nani ile iliyolala na samaki.)

Nilijitetea kwamba nyuki huichukua kila siku bila kupiga hodi, na ua lenyewe lingenyauka baada ya siku chache. Hoja nzuri. Ila nyuki hakukataliwa; mimi nilikataliwa. Wala yule mama hakuninyima kwa uhaba, maana vitunguu vilijaa bustanini. Alitaka kwao kubaki na kitu kisichokuwa kwingine. Hicho ndicho nilichokichukua, nacho hakipimwi kwa mizani.

Miche ya mbegu zile ilichukua miaka mitatu kuchanua. Mingi ilitoa maua mekundu kama la kwangu, lakini mmoja ulitoa ua la wekundu hafifu lenye ile michirizi. Nikauhamishia kwenye mkebe, nikaenda kupiga hodi.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, baba.”

Nikamweleza yote. Alilitazama ua kwa muda mrefu, akiifuata michirizi kwa kidole.

“Ungeniomba, pengine ningekupa,” alisema. “Au nisingekupa. Sasa hatutajua.”

Mkebe aliupokea. Kichupa bado kimo kwenye friza, kimebaki nusu.