Je, Kutimiza Idadi ni Kutimiza Ahadi?

Waswahili husema, mali bila daftari hupotea bila habari. Taasisi isiyojipima haiwezi kujua kama inayakaribia malengo yake au inazunguka palepale. Lakini je, kiongozi akifikisha idadi aliyoiandika, ametimiza ahadi yake?

Kwetu Rwanda swali hili lina uzito. Tangu mwaka 2006, mameya wa wilaya hutia saini mikataba ya utendaji mbele ya Rais, na mwisho wa mwaka utekelezaji wao hupimwa. Mikataba hiyo huitwa imihigo, neno la Kinyarwanda linalotokana na desturi ya zamani ya mtu kuahidi hadharani kwamba atatenda jambo fulani, na kuaibika akishindwa. Asili yake, basi, ni kiapo.

Mwaka huohuo ulianza mpango wa Girinka, wa kuzipa familia maskini ng'ombe mmojammoja. Aliyepewa humkabidhi jirani ndama jike wa kwanza. Miongoni mwa malengo yake ni kupunguza utapiamlo wa watoto. Sasa tuseme meya fulani aliahidi ng'ombe 500, akagawa 500. Daftarini amepata alama zote. Lakini ikiwa wengi wa ng'ombe hao hawana malisho, na maziwa hayafiki kwenye kikombe cha mtoto, amefaulu nini?

Wapo watakaosema kwamba ng'ombe huhesabika kirahisi kuliko maziwa, na kwamba meya hawezi kulaumiwa kwa ukame. Hoja hiyo ina ukweli. Bila idadi, kila mzembe angejitetea kwa nia njema. Hata hivyo, afya ya watoto nayo hupimwa. Utafiti wa kitaifa ulionyesha kuwa watoto wa chini ya miaka 5 waliodumaa walikuwa asilimia 38 mwaka 2014/15, na asilimia 33 mwaka 2019/20. Kipimo hiki husogea polepole, wala hakimpi mtu sifa ndani ya mwaka mmoja. Ndiyo maana ni rahisi kukikwepa.

Kwa maoni yangu, anayejua kwamba lengo halijafikiwa, kisha akatoa idadi ya kweli ili aonekane amelifikia, amedanganya. Sisemi haya kama hakimu. Mwaka wa kwanza chuoni nilipata alama ya juu kwa kukariri ngeli, kisha nikashindwa kumwelekeza njia dereva wa lori kutoka Dar es Salaam. Mama nilimwonyesha matokeo. Habari za dereva sikumwambia.

Kwa kuhitimisha, daftari libaki, ila liwe na safu mbili: tulichofanya, na kilichobadilika katika maisha ya watu. Safu ya pili wajaze wale walioahidiwa, kwa maana kiapo kilikuwa chao.