Mashine Mpya na Mzigo Wake

Aliye mpya katika kazi anatudai nini sisi wenye haraka? Wengi watajibu kwa methali: haraka haraka haina baraka. Lakini methali hiyo ni nusu tu ya jibu, na mashine ya kusaga yaweza kutufundisha nusu iliyobaki.

Katika vijiji vyetu vya Kondoa, injini mpya ya dizeli ikishafungwa, foleni ya madebe ya mahindi, mtama na uwele huanza alfajiri. Fundi mwenye busara hakubali ielemewe. Huiwasha, huisikiliza, husaga kidogo, kisha huongeza mzigo siku hadi siku. Sababu ni kwamba chuma kilichotoka kiwandani, hata kiking'aa, kina vinundu visivyoonekana kwa macho. Ringi za pistoni na ukuta wa silinda hazina budi kusuguana mpaka zikubaliane. Chenga za msuguano huo huingia katika oili. Ndiyo maana oili ya kwanza humwagwa mapema, ingawa mwenye mashine huiona bado ni mali.

Lakini fundi huyo huyo atakukataza kuiacha injini mpya ikinguruma bure kutwa nzima. Isipobebeshwa kitu, ringi hazikai sawasawa, na baadaye injini hula oili na kutoa moshi. Kumbe kudekeza nako ni kuharibu. Oili nayo ina kipimo: ikipungua, chuma hula chuma, ikizidi, hufanya povu na kushindwa kulainisha.

Sasa tuwatazame binadamu. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilitaka watoto wote wa rika la shule wawe wanasoma ifikapo 1977. Walimu hawakutosha, hivyo vijana waliomaliza darasa la saba walichukuliwa, wakafundisha huku wakijifunza ualimu. Wapo wasemao hadi leo kwamba haraka ile haikufaa kabisa. Mimi siafikiani nao. Mtoto hawezi kuwekwa kando asubiri taifa lipate walimu waliokamilika. Atakuwa mtu mzima kabla hajajua kusoma.

Katika shule moja niliyofanya kazi, vijana wawili wa namna hiyo walipewa madarasa yaliyofurika sawasawa. Wa kwanza alikuwa na mwalimu mzee aliyekaa nyuma ya darasa lake robo saa kila siku, na jioni wakapitia pamoja andalio la somo. Huyo alifundisha mpaka akastaafu. Wa pili hakuwa na mtu. Aliulizwa matokeo tu. Muhula wa pili haukwisha, akarudi kulima, na watu wakasema hakuwa na wito. Mzigo ulikuwa mmoja. Kilichotofautiana ni ile robo saa.

Kwa hiyo naona kwamba haki ya aliye mpya si kuepushwa na kazi. Haki yake ni kupewa kazi pamoja na mtu wa kumwelekeza. Kadiri shida inavyotulazimisha kumtwisha mapema, ndivyo deni letu kwake linavyokua. Deni hilo hulipwa kwa muda wa wazoefu, ambao nao wana kazi zao, na hapo ndipo wengi wetu hurudi nyuma. Tunaona ni rahisi zaidi kumhukumu kijana kuliko kukaa naye robo saa.