Mbona Umerukia Makaburini?

Mjukuu wangu, nimekusikiliza mpaka ukamaliza. Unasema Pet Sematary ya Stephen King haitishi, kwamba nusu ya kitabu watu wanakunywa bia kibarazani, na kwamba hadithi za misukule ulizosimuliwa utotoni zinaishinda. Haya. Nimechoka kubishana juu ya vitabu, lakini kwa hiki sinyamazi, maana umekiri kwa kinywa chako kuwa uliruka kurasa ukitafuta mahali maiti anapoamka.

Ulichokiruka ndicho kitabu chenyewe. Daktari Louis Creed anahama Chicago na mkewe na watoto wao wawili, wanahamia Ludlow, jimbo la Maine, kwenye nyumba iliyo kando ya barabara ya malori. Paka wa bintiye anagongwa. Jirani, mzee Jud Crandall, anamchukua Louis usiku, wanayapita makaburi ya wanyama mpaka kwenye maziko ya kale ya Wamicmac, wenyeji wa asili wa huko, na hapo paka anazikwa. Kesho yake paka huyo yuko nyumbani, ananuka, mwendo si ule. Hapo wewe ukacheka: paka tu? Ndiyo, paka tu. Daktari anajua maiti ni maiti. Huwezi kumwambia ghafla akafukue kaburi la mwanawe naye akakubali. Inabidi azoezwe kidogo kidogo, na zile bia za kibarazani ndizo zinazomzoeza.

Mimi aliyeninyima usingizi ni mzee mwenzangu, Jud. Si mtu mbaya. Mkewe Norma alipopatwa na mshtuko wa moyo, Louis ndiye aliyemwokoa, na Jud akaona paka ni njia ya kulipa fadhila. Lakini alikuwa anajua! Alimjua Timmy Baterman, kijana aliyeuawa katika Vita Kuu ya Pili, babake akaenda kumzika kule, na alijua jinsi kijana huyo alivyorudi. Usiku wa paka hakulitaja hilo. Alilitaja baada ya Gage, kitinda mimba wa Louis, kugongwa na lori, wakati baba mtu ameshaijua njia. Kisha akaketi dirishani akeshe amzuie Louis, na usingizi ukamchukua. Wewe unatafuta zimwi lenye kucha, na mbele yako ameketi mzee mpole aliyesema alichopaswa kusema pale ambapo hakikufaa tena kitu.

Tena umepita mbio kwenye msiba wa Gage. Watu wamekuja kuaga, Louis na baba mkwe wake wanapigana ngumi, jeneza linaanguka. Baadaye Louis anahakikisha mkewe na binti yake wamesafiri kwenda Chicago, anabaki peke yake na koleo lake, akamfukue mtoto. Fikiria matanga ya kwetu: ukumbini wanaume wamejilaza kwenye mikeka, uani masufuria hayajapoa, na mfiwa akinyanyuka saa nane za usiku atasikia sauti gizani, “Unakwenda wapi?” Sisemi kwamba sisi msiba hautupi wazimu. Lakini Louis hakuwa na hata mtu mmoja wa kumuuliza swali hilo, isipokuwa yule mzee aliyelala.

Na usidhani King aliyaokota haya hewani. Mwishoni mwa miaka ya 1970 alikuwa akifundisha Chuo Kikuu cha Maine, anaishi Orrington kando ya barabara kama hiyo. Paka wa bintiye aligongwa kweli, na mwanawe mdogo nusura naye apotee kwa kukimbilia barabarani. Alipomaliza kuandika akaona giza limezidi, akakiweka kando, hakikutoka mpaka 1983. Mwenye kitabu alikiogopa, wewe umekifunga ndani ya daladala huku unapiga miayo.

Kasoro kinayo, wala sikitetei kila ukurasa. Uovu wote umetupwa kwenye ardhi ya Wamicmac na kwa pepo Wendigo, ilhali Wamicmac wenyewe hawapewi nafasi ya kusema neno. Wazungu wanafukua na kufukia, wenyeji ndio wanaobeba sifa ya laana. Ungenijia na lawama hiyo ningekaa kimya nikusikilize. Ila hukuiona, kwa kuwa habari za ardhi ile Jud anazisimulia katika zile kurasa ulizoruka.